Nimeshapoa

Saa nne asubuhi, muda wa chai, na kwenye sinia zimebaki sambusa tatu. Tulikuwa kwenye mafunzo ya kujiandaa na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, wauguzi na matabibu ishirini na kitu, katika ukumbi mmoja hapa Kigoma mjini wenye feni inayopiga kelele kuliko inavyotoa upepo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais alikuwa ametangaza kwamba ugonjwa umethibitika Biharamulo. Biharamulo ni Kagera, sawa, lakini ukiwa Kakonko, huku kwetu mkoani Kigoma, ni safari ya basi tu, na kondakta haulizi abiria kama ana homa.

Asubuhi nzima tulifundishwa kuvaa na kuvua vazi la kujikinga. Kuvaa kila mtu anaweza. Kuvua ndiko kwenye hatari, kwa sababu umechoka, una joto, na mkono unataka kwenda usoni wenyewe. Mwenzako anasimama pembeni anakusomea hatua moja moja kama mtoto anayefundishwa kutawadha.

Basi pale kwenye chai akanisogelea binti mmoja, muuguzi wa mwaka wa tatu kazini. Shikamoo dada. Marahaba. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia choo kiko upande gani:

"Dada, mwaka ule wa Kagunga, ulikuwa unalalaje?"

Kagunga ni kijiji cha mpakani kilichofurika wakimbizi wa Burundi mwaka 2015, na kipindupindu kikafuata. Sikufikiri hata kidogo.

"Nilikuwa nalala fofofo, mdogo wangu. Ukichoka utalala tu, wala usiwe na hofu."

Akashukuru, akarudi kwenye kiti chake. Nikachukua sambusa.

Machi 13 ikatangazwa kwamba Marburg imekwisha. Uongo wangu haujaisha. Umenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka, na hata ukimeza tonge kubwa la ugali haushuki.

## Maneno ya mlangoni

Nikitoka zamu ya mchana, kutoka getini hadi kwangu Mwanga, huwa napewa pole nne au tano. Ya bodaboda, ya mama wa nyanya, ya jirani anayeanua nguo, ya mama yangu kama yupo.

"Pole na kazi."

"Asante, nimeshapoa."

Jibu linatoka kabla sijavua viatu. Juzi nimekaa nikalitazama hilo neno vizuri, nikaona lina haraka ya ajabu. Si napoa, wala si nitapoa. Nime-sha-poa. Jambo limekwisha, tuongee mengine, dagaa leo bei gani?

Sisemi pole ni mbaya. Pole haiulizi kitu, na kuna siku hutaki kuulizwa kitu. Wenzetu waliovuka kutoka Burundi walikuwa wanatuambia "ihangane", na sisi tuliokulia kwenye Kiha tulielewa bila mkalimani: jikaze, vumilia. Mgonjwa amelala juu ya kitanda chenye tundu, ndoo chini yake, na anamwambia nesi avumilie. Nilikuwa nacheka kila mara. Nadhani nilikuwa nacheka.

Kwenye semina tunapewa maneno mengine: msongo wa mawazo, sonona, kiwewe. Maneno mazuri, yana vipeperushi vyake. Lakini miaka yote hii kwenye chumba cha chai sijamsikia muuguzi hata mmoja akisema "jamani, nina sonona." Atasema naiti hii imenimaliza. Atasema kichwa hakiko sawa. Atasema ana mawazo tu. Akizidi sana atatania: "Mtanipeleka Mirembe nyie," na wote tutacheka, sisi wenye sare nyeupe, tunaojua kwamba Mirembe, ile ya wagonjwa wa akili Dodoma, ni hospitali kama hospitali nyingine, watu wanakwenda wanatibiwa wanarudi. Tumeligeuza jina la hospitali kuwa kichekesho, halafu tunashangaa mtu hajitokezi.

## Maji na chumvi

Mei 2015 sitawasimulia yote. Aliyekuwa Kigoma mwaka ule anakumbuka meli ya Liemba ikiingia imejaa watu mpaka kwenye ngazi, na uwanja wa Lake Tanganyika ulivyogeuka kuwa nyumba ya watu wanaosubiri mabasi ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Anakumbuka kwamba Kagunga kuna ziwa mbele na mlima nyuma, kwamba Liemba haikuweza kutia nanga ufukweni pale, hivyo watu walipelekwa melini kwa mitumbwi, na kwamba kijiji kile kilibeba makumi ya maelfu ya wageni kwa vyoo vya kuhesabika.

Kipindupindu hakikuchelewa.

Kufikia Mei 22 zilikuwa zinatajwa hesabu za wagonjwa kama 3,000, na wapya 300 hadi 400 kwa siku.

Mimi nilikuwa na miaka miwili kazini. Nilipangwa kwenye mahema, na kituo sitakitaja. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mshipa wa mtu aliyekaushwa na kipindupindu ni kama mwizi aliyesikia filimbi. Unaujua uko hapo, jana ulikuwa hapo, lakini haupo. Unafunga glavu juu ya kiwiko, unapigapiga ngozi, unainamisha mkono chini ya kitanda, unapapasa kwa kidole kwa sababu macho hayasaidii. Ngozi ukiifinya inabaki imesimama kama kitenge kilichopigwa wanga. Vidole vimejikunja kama vya mtu aliyefua tangu asubuhi. Ukishaipata ile njia, kanula ikaingia, damu nyeusi kidogo ikarudi, unafungulia ringa, maji ya dripu, yote. Hapo hakuna kuhesabu matone. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji lita 6 ndani ya saa tatu, na karibu lita 2 za mwanzo ziingie katika nusu saa ya kwanza.

Halafu unaona muujiza. Sitaki mtu anisome adhani ilikuwa huzuni tupu, maana sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia wiki zile. Mtu analetwa amebebwa kwenye shuka, macho yamezama, sauti imekatika, huoni mapigo kwenye kifundo cha mkono. Saa mbili baadaye anakuuliza kama kuna ugali. Kwa maji na chumvi! Hakuna ugonjwa mwingine unaokupa zawadi ya namna hiyo mbele ya macho yako, katika zamu moja.

Na ndiyo maana.

## Wa kimya

Tulifundishwa chuoni, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine: anayepiga kelele ana nguvu za kupiga kelele. Mtafute aliyenyamaza.

Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili kwenye hema letu. Mvua ilikuwa imenyesha jioni na turubai lilikuwa linadondosha maji kwenye kona. Mama mmoja aliingia na mtoto wa kama miaka minne, mama analia kwa sauti ya kupasua, mtoto amelegea begani. Nikawakimbilia. Njiani, kwenye nguzo ya hema, alikuwa ameketi mzee. Hajalala, ameketi. Furushi lake pembeni, limefungwa kwa kitenge cha kijani, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Akasema neno moja. "Amazi."

Maji.

Nikamwambia, "Nakuja, babu."

Mtoto alinihangaisha. Mkono wa kulia ukakataa, wa kushoto ukakataa, nikaupata mshipa mguuni mara ya tatu. Nikafunga bandeji, nikamwonyesha mama jinsi ya kuushika mguu, nikaandika muda. Niliporudi kwenye nguzo sijui zilikuwa zimepita dakika ishirini au arobaini. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile na kila mara napata hesabu tofauti.

Alikuwa bado ameketi. Mikono ilikuwa bado juu ya magoti.

Kikombe cha maji ya chumvi na sukari kilikuwa mezani, hatua nne kutoka pale. Ningeweza kumpa wakati napita. Isingetosha, mtu wa namna ile anahitaji dripu, najua. Lakini ningempa.

Vijana wa klorini walikuja na pampu yao na mfuko. Kwenye rejesta nikajaza jinsia, umri kwa kukadiria, muda. Kwenye safu ya jina nikachora mstari mfupi.

Mtoto alipona. Hili nalisema kwa kujitetea, nisije nikaongopa tena.

## Ugonjwa unaotibika

Kwenye mafunzo ya Marburg niliwaona vijana wakiogopa, na wana haki. Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023, kati ya vifo vitano vilivyotangazwa mwanzo, kimoja kilikuwa cha mhudumu wa afya. Unaingia wodini ukijua kwamba unaweza kutoka nao, ukaupeleka nyumbani. Hiyo ni hofu ambayo sijaibeba kwa uzito wake, na sitajifanya naijua.

Lakini nina jambo ambalo nimelizungusha kichwani wiki zote hizi, na nadhani yule binti alistahili kulisikia.

Kipindupindu kikitibiwa mapema na sawasawa, wanaokufa ni chini ya mmoja kwa mia. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kufa. Kwenye ugonjwa usio na dawa, mtu akifariki unasema ugonjwa umemchukua. Kwenye ugonjwa unaotibika kwa maji, akifariki unatafuta nani hakumpa maji. Na wewe ndiye uliyekuwa zamu.

Wakati wale 3,000 wanatajwa, vifo vilivyotajwa pamoja nao vilikuwa 31. Asilimia moja. Kwa mahali kama pale, kwa hali ile, hiyo ni kazi kubwa, na waliotupongeza hawakukosea. Sijui kama mzee wangu yumo kwenye 31 au alikuja baada ya hesabu. Asilimia haina mikono juu ya magoti.

Nimeiandika aya hiyo na kuifuta mara kadhaa. Nesi aliyevaa lile vazi kule Biharamulo, jasho likijaa ndani ya gambuti, anaweza kunisoma akasema, dada, wewe angalau ulirudi nyumbani ukambeba mwanao. Ni kweli. Sipimi nani kaumia zaidi. Nasema tu kwamba tunapoandaa watu kwa milipuko tunawaandaa kwa hofu ya kufa wao, na mimi kilichoniamsha usiku hakikuwa hicho.

## Kimya cha saa tisa

Hamtaamini, sikulia. Wala sikuota ndoto za mahema. Nilisubiri ndoto, maana nilisikia wengine wanaziota, hazikuja.

Kilichokuja ni mchele.

Choo cha kipindupindu kwenye vitabu vyetu kinaelezwa hivyo hivyo, kama maji yaliyooshewa mchele, na aliyeandika hakutia chumvi. Wiki ya kwanza nimerudi nyumbani naosha mchele, maji yakageuka meupe kwenye sufuria, nikatoka nje nikamwaga vyote, maji na mchele, kilo mbili nzima. Mama alidhani nimeona wadudu. Tangu siku hiyo kwangu ni ugali, ndizi, mihogo. Mume wangu miaka miwili ya mwanzo alijua nabana matumizi. Wanangu wanajua ubwabwa ni chakula cha kwa bibi Ujiji.

Miaka kumi, na hakuna aliyeniuliza. Nani aulize? Mtu kutopika wali si ugonjwa.

La pili ni usingizi. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na kusikiliza. Nyumba ikiwa na sauti, mtu anakoroma, paka anakwangua bati, narudi kulala. Ikiwa kimya, naondoka kitandani kwenda kuwaamsha watoto. Nawatikisa mpaka walalamike. Mwanangu mkubwa ana miaka kumi na minne sasa na anadhani kila mama huamsha watoto saa tisa usiku kuwauliza kama wana kiu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nalala fofofo.

## Viti vya duara

Si kwamba hatukusaidiwa. Mlipuko ulipotulia walikuja watu, wa wapi si hoja, wakapanga viti vya plastiki duara. Wakatuomba kila mmoja aeleze jambo baya kuliko yote aliloliona. Saa mbili, soda, picha ya pamoja, nauli.

Zamu yangu ilipofika nikaeleza jinsi mvua ilivyovujisha hema. Aliyefuata naye akaeleza hema. Wa tatu hema. Nadhani lile hema limeingia kwenye ripoti mahali fulani kama chanzo kikuu cha kiwewe mkoani Kigoma.

Niliondoka nikijiona nimefeli. Watu wametoka mbali kuja kunisikiliza na mimi nimewapa turubai.

Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani halishauri jambo lile, kumkalisha mtu mara moja tu na kumtaka asimulie mabaya aliyoyaona. Mwongozo wao wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ulitoka 2011, miaka minne kabla ya viti vyetu, na umejengwa juu ya vitu vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani amelemewa. Sikiliza bila kumlazimisha aseme. Muunganishe na anachohitaji, iwe chakula, mapumziko, ndugu, au mtaalamu. Nilifurahi, halafu nikakasirika, halafu nikafurahi tena.

Kuna utafiti wa China uliochapishwa 2020, Korona ilipoanza. Waliulizwa wahudumu wa afya 1,257. Nusu walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 34 walikuwa na tatizo la usingizi. China si Kigoma, mizani yao si yetu. Lakini nilipoiona ile 34 nilimkumbuka binti na kikombe chake cha chai. Mmoja katika watatu hawakulala, na waliulizwa, wakasema. Mimi niliulizwa nikachukua sambusa.

Huwa nawaza kuhusu matanga. Ukifiwa Ujiji, hakuna anayekuuliza unajisikiaje. Wanakuja, wanatandika mikeka, wanamenya ndizi, wanabishana kuhusu chumvi. Mtu anakaa karibu yako kutwa nzima bila kusema la maana. Siku ya tatu unashtuka kwamba umekula. Sisi tuliofiwa kwenye mahema hatukuwa na mkeka. Tulikuwa na makabidhiano: vitanda kumi na vinane, wapya wanne, amefariki mmoja, ringa zimebaki katoni mbili, usiku mwema. Kalamu inahama mkono.

(Na posho zilichelewa. Hili nalo linaumiza roho kuliko watu wanavyokiri, ila leo si siku yake.)

## Jumapili

Nilimpigia binti. Nilikuwa nimeandaa maneno kama mtu anayekwenda kuposa. Akaja baada ya ibada, na sabuni ya unga na mkate kama adabu, tukakaa uani chini ya mpapai.

Nikamwambia. Mzee, nguzo, kikombe, mchele, saa tisa usiku. Sikuangalia uso wake, niliangalia kuku.

Alikaa kimya. Nilipomaliza akasema:

"Dada, mimi wala sikuwa nauliza ya Kagunga."

Wiki sita nilikuwa najilaumu kwa kumnyima historia. Kumbe hakuja kwangu kutafuta historia. Alikuwa halali tangu Novemba, kwa jambo lililotokea wodini kwao, na alikuwa amemchagua mtu mmoja kati ya ishirini na kitu wa kumwambia, na mtu huyo akamjibu ukichoka utalala tu.

Jambo lake ni lake, siliandiki hapa. Alilisimulia kwa muda mrefu, mara mbili akaanza upya. Nilijua la kufanya kwa sababu limeandikwa kwenye mwongozo, na nilishindwa kulifanya vizuri, maana nilimkatiza mara kadhaa kumwambia halikuwa kosa lake. Halikuwa. Lakini mimi nimeambiwa hivyo pia, na najua neno lile linavyopita sikioni. Nikamtajia daktari mmoja wa afya ya akili ninayemwamini. Akaandika namba. Kama ataipiga, sijui.

Kisha akauliza kama mchele upo.

Upo, wa wageni, juu ya kabati. Akaushusha, akaumimina kwenye sufuria, akaanza kuosha pale pale uani huku anaendelea kuongea, sasa hivi kuhusu mwenye nyumba wake na bili ya maji. Nikatazama ukutani. Maji ya kwanza akayamwaga kwenye shina la mpapai, nikayasikia. Ya pili pia. Alipomwaga ya tatu niligeuka nikaona, na yalikuwa yanakaribia kuwa maji safi ya kawaida tu, ya kuona mpaka chini ya sufuria.

Sikuosha mimi. Nilishika tu kibuyu cha maji.

Mazungumzo yakatunogea, mkaa ukawa mkali, wali ukashika chini. Wanangu, ambao hawajawahi kuona wali ukiungulia nyumbani kwao, waligombania ukoko mpaka nikawafukuza jikoni.